Karatasi Kati ya Meza Mbili

Kwa siku kumi na tisa nilikuwa mshenga wa watu wawili wasioposana. Mmoja alikaa dirishani, mwingine karibu na mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia mwenzake zaidi ya "habari za asubuhi". Kila neno jingine lilipitia kwangu, kwa maandishi, kwenye karatasi yenye tarehe na saa. Nenda, rudi, nenda, rudi. Miguu ilivimba. Mimi, ninayeishi kwa maneno, nilifika mahali nikayachoka.

Nianze na wa dirishani, maana ni wa nyumbani. Ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, na kazini wote humwita Fundi. Ndiye aliyeandika hifadhidata yetu, yaani ile programu inayotunza rekodi za wagonjwa kwenye zahanati. Aliianza kutoka mstari wa kwanza, na sasa ni miaka sita. Watoto wake wawili wamezaliwa humo katikati, na mdogo wangu husema wa tatu ni programu, tena ndiye kipenzi. Wanakaa kwangu wote, pamoja na wageni ambao nimeacha kuwauliza wataondoka lini. Nyumba yangu haijawahi kuwa na kiti kitupu, na siombi kipatikane.

Kazini mimi ni Dada Vibali. Nilianzia mapokezi, nikitokea kwenye kibanda cha simu ambako nilisoma shule yangu yote: mtu akikuambia "saini hapa tu", soma mara mbili. Mkurugenzi aliona nasoma kila kinachopita mezani, hata karatasi zilizofungiwa vitafunwa, akanipa daftari la maktaba. Kwa mafundi wa kompyuta, maktaba ni kipande cha programu alichoandika mtu mwingine huko duniani, akakiacha wazi wenzake wakitumie. Ukikichukua, unakichukua na masharti yake. Kuna anayesema: taja jina langu, inatosha. Kuna anayesema: tumia, ila siku ukiwagawia watu programu yako, uwape na maandishi yake yote ya ndani, nao wawe huru kama ulivyokuwa wewe. Kazi yangu ilikuwa kusoma masharti kabla kipande hakijaingia, kuandika daftarini, kusaini.

Na nilisaini. Aibu yangu iko hapo, bora niitoe mapema.

Kampuni yetu ilikuwa na desturi kwamba kila faili lianze na jina la kampuni, mistari minne, kama kibao juu ya mlango. Fundi alichoka kuiandika kwa mkono, akatengeneza kijiprogramu, tukakiita Muhuri. Kila siku saa kumi na moja jioni Muhuri alipita kwenye mafaili yote, akafuta kilichoandikwa juu kabisa, akapiga jina letu. Tulimsifu sana. Mkurugenzi aliwaonyesha wageni. Hakuna kati yetu aliyeuliza: na faili likiwa la mtu mwingine je?

Basi Jumatatu moja Fundi akaleta maktaba ya kubana data, ili ichukue nafasi ndogo kwenye diski. Aliona imeandikwa "bure", akaridhika. Jioni Muhuri akapita. Jumanne mimi nikafungua, nikaona jina letu juu, nikasema ah, letu hili, nikapiga saini na kwenda kunywa chai. Masharti ya mwenyewe yalikuwa kwenye mistari ile ile iliyofutwa.

Miezi minane ikapita. Mtandao wa zahanati arobaini ukataka toleo jipya, na wakili wa kampuni akapitisha ukaguzi kabla halijatoka. Kompyuta yake ikalitambua lile kundi la mafaili kama unavyomtambua mtoto wa jirani aliyevalishwa nguo za kwenu. Masharti yake yalikuwa yale ya pili.

"Mna njia mbili," wakili alituambia. Ni mama mwembamba, huongea taratibu kama anayesoma kipimo cha dawa. "Mtoe maandishi ya programu yenu yote hadharani, au mkiondoe kipande hiki."

Mkurugenzi aliikataa ya kwanza kabla sentensi haijakwisha. Mimi nikamwandikia mwenye maktaba kumwomba atulegezee masharti. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko mbali, akajibu siku ile ile, mpole kupita kiasi. Alisema yeye hana neno, lakini kipande kile kiliandikwa na watu kumi na mmoja na hawezi kutoa ruhusa kwa niaba ya wenzake. Nikawatafuta wote. Nane nikawapata, na mmoja wao mpaka leo hunitumia picha za mjukuu wake. Watatu walikuwa wamepotelea duniani. Vipande vingine vyenye masharti mepesi tukavijaribu, vikataka kompyuta zenye nguvu, na za zahanati ni zile zinazounguruma ukiziwasha. Ikabaki kuandika kipya.

"Naandika mimi," Fundi akasema. "Nipeni wiki mbili."

"Wewe ndiye usiyeweza," wakili akamjibu. "Umekisoma miezi minane. Ukikaa kuandika, mkono utakumbuka hata kama wewe hutaki. Ataandika mtu ambaye hajawahi kukiona. Wewe utamwambia kinatakiwa kufanya nini. Jinsi ya kukifanya, hapana. Hata neno moja."

"Na hapa nani hajakiona?"

Tukageuka wote kumtazama wa mlangoni.

Huyo ni dada tunayemwita Ripoti, kwa sababu hutengeneza zile kurasa ambazo zahanati huchapa kila mwisho wa mwezi. Hakuwahi kugusa ndani ya programu. Fundi alikuwa na mazoea ya kumtania kwamba yeye anajenga nyumba, Ripoti anapaka rangi. Ripoti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi.

"Haya," akasema. "Miaka yote nachekwa sijui kitu. Leo kutojua kumenipatia kazi."

Mambo yakapangwa hivi. Data ya mia, ikibanwa, ilitakiwa ibaki thelathini au pungufu. Ikizidi, diski za zahanati zingejaa kabla mwaka haujaisha. Ile maktaba ya watu ilikuwa inafika kumi na nane. Ripoti alipewa mpaka Ijumaa ya wiki ya tatu. Wakishindwa, zahanati zingetafuta programu kwingine, na mkurugenzi alimwambia Fundi usoni kwamba bila zahanati hizo hana sababu ya kuendelea na hifadhidata yetu. Ingewekwa kando. Fundi alichukua kalamu akaanza kuchora viboksi pembeni mwa karatasi.

Mimi nikapewa ukuta. Karatasi zote zipite kwangu, nikate chochote kinachofanana na jinsi ya kufanya, na mwishoni nijaze fomu ya wakili kwamba hakuna kilichovuka. Bila fomu ile, programu haitoki.

Kwa wanaodhani ilikuwa kazi ya kukaa, niwasimulie asubuhi moja tu. Ripoti ananiandikia: rekodi ndefu kuliko zote ina herufi ngapi? Nampelekea Fundi. Fundi anajibu kwa mistari mitatu. Nakata miwili.

"Shemeji, hiyo nilikuwa namsalimia tu!"

"Salamu gani ina hesabu ndani?"

"Ni ya kumtia moyo."

"Mtie moyo kwa 'pole na kazi'."

Anaandika "pole na kazi". Nampelekea Ripoti. Ripoti anasoma, anamtazama Fundi kwa juu ya miwani, anasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani, "Mwambie nimeshapoa." Nageuka kurudi. Fundi ameshika kichwa. Na bado saa nne haijafika.

Wiki ya kwanza Ripoti alifika sabini. Wiki ya pili hamsini na tano, kisha arobaini na nne. Alikuwa mzuri, nawaambia, na Fundi aliliona hilo kabla ya mtu yeyote, maana aliacha kumtania. Kisha akagonga arobaini na moja na kukwama pale. Jumatatu arobaini na moja. Jumanne arobaini na moja. Jumatano alikuja na nguo za jana. Fundi kule dirishani alikuwa anaona namba zikibandikwa ubaoni, na anajua, na hawezi. Nimewahi kuona mtu akimtazama mwenziwe anatafuta ufunguo alioushika yeye mfukoni. Ndivyo alivyokuwa, siku nzima, siku tatu. Nyumbani hakugusa chakula. Wanawe walimpandia magotini, akawashika kama mizigo ya mtu.

Alhamisi jioni, sahani zikiwa bado mezani, wageni wameshatoka barazani na mdogo wangu akikunja nguo zilizokauka, alifungua mdomo.

"Shemeji. Maneno manne tu."

"Usiniambie."

"Panga kwanza, ndipo ubane."

"Nimesema usiniambie!"

"Anabana rekodi zikiwa zimechanganyika. Zikipangwa kwanza, zinazofanana zikae pamoja, inashuka chini ya thelathini hapo hapo. Kama hizo nguo," akaonyesha mikono ya mkewe, "shati juu ya shati, soksi na soksi, sanduku linafunga. Zitupie ovyo, halifungi. Si siri ya mtu, shemeji. Ni akili ya kawaida."

"Kama ni ya kawaida ataifikia mwenyewe."

"Kesho ndiyo Ijumaa."

"Najua siku."

"Nani atajua?"

"Mimi ndiye nitakayesaini."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ulishawahi kusaini bila kusoma, shemeji. Leo ndiyo umekuwa mkali?"

Mdogo wangu akashusha shati alilokuwa analikunja. Nilidhani ataniokoa. "Dada," akasema, "habari za mtaa mzima unazibeba, nani kaachana na nani, nani kahama na godoro la mwenzake. Hii moja ndiyo nzito?"

"Hii ndiyo nzito."

"Miaka sita," Fundi akasema, akiiambia sahani.

Nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo haikuwa zamu yangu kuviosha. Nyuma yangu nilisikia watoto wanacheka kitu. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno. Nilisugua sufuria moja muda mrefu, nikijiambia neno limefika kwangu na limeishia kwangu, kesho yatakuwa yatakavyokuwa.

Ijumaa saa mbili na nusu Ripoti aliinuka mwenyewe, hakuningoja, akaenda ubaoni akaandika 26.

Ofisi ililipuka kwa shangwe. Mtu alipiga meza, mkurugenzi alitoka chumbani mwake na kiatu kimoja. Fundi alikuja mpaka kwangu, macho yamejaa, akaninong'oneza, "Ahsante, shemeji. Sitasahau."

"Ahsante ya nini?"

"Ya jana."

"Sikumwambia kitu."

Tukatazamana. Nikamwona anahesabu waliokuwepo mezani jana, nami nahesabu, na hesabu haikuwa ndefu.

Nilitoka kwenye ngazi nikampigia mdogo wangu. Alipokea kwa furaha kabisa. "Amefaulu? Niambie amefaulu!"

"Ulimpigia Ripoti?"

Bomba la maji lilikuwa linatiririka upande wake. "Nilimpigia kumjulia hali. Anaumwa mgongo, hukujua?"

"Ukamwambia."

"Maneno manne, dada. Ulipokuwa unapiga kelele na sufuria. Mume wangu hajala siku tatu, ulitaka nifanye nini? Kwanza mimi si mfanyakazi wenu. Ukuta wenu haunihusu."

Kwa kweli haukumhusu. Ukuta ulikuwa wangu, nami niliujenga kazini nikausahau nyumbani, kwenye meza ninayoipenda kwa sababu kila mtu husema chochote. Kibandani nilikuwa nawafukuza watu wasisikilize simu za wenzao. Nyumbani sijawahi kumfukuza mtu.

Ripoti nilimkuta jikoni mwa ofisi, anakoroga kikombe ambacho sukari yake ilishayeyuka zamani. Alijua nimefuata nini.

"Alinipigia," akasema. "Nilidhani ni mambo ya nyumbani. Alisema harakaharaka, sikuwahi kukata."

"Ndipo ukajua."

"Dada, nilikuwa nimeshaanza kuwaza hilo tangu Jumatano. Nakuapia kwa mwanangu. Nilikuwa nashuka kwenye basi nikasema, na kama zingekuwa zimepangwa? Jana mchana nilitaka kukuandikia kuuliza kama mpangilio unaruhusiwa kubadilishwa, nikasema ngoja kesho, nimekutembeza mno leo, miguu yako imevimba."

Hilo lilinikalisha chini. Kulikuwa na stuli, nikaikalia.

"Uliliandika popote? Karatasi, simu, popote?"

"Lilikuwa kichwani."

"Kichwani hakuna tarehe, mama."

"Huniamini?"

"Nakuamini kabisa."

"Basi saini."

"Fomu haikuuliza namwamini nani."

Akaweka kikombe chini. Hakulia. Alifanya kitu kibaya zaidi, alicheka kidogo, akaniambia, "Siku kumi na tisa, dada. Mara ya kwanza kuniita niwajengee nyumba." Kisha akanisogezea kile kikombe ninywe mimi.

Saa nne wakili alifika na fomu yake. Ni ukurasa mmoja tu. Kifungu cha tatu kinauliza kama kuna maelezo yoyote ya jinsi ya kufanya yaliyovuka, ndiyo au hapana, na kama ndiyo, eleza. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yangu akinukia sabuni. Fundi alikuwa dirishani amenipa mgongo. Nilijua kabisa kwamba nikiandika "hapana" hakuna binadamu angekuja kuniuliza, labda mpaka nife. Lakini zahanati arobaini zingekuwa zinatumia kitu kwa sababu mimi nimesema, na mara ya mwisho niliposema, sikuwa nimesoma. Sikuwa na nguvu ya kuwa mtu yule mara mbili.

Niliandika: Ndiyo. Dokezo moja, Alhamisi jioni, kwa simu, kutoka nyumbani kwangu. Mwandishi anasema alikuwa amefikia wazo hilo mwenyewe. Namwamini, lakini sina karatasi.

Wakili alisoma mara moja, akaniangalia muda. "Ungeweza kunipunguzia kazi," akasema.

"Naelewa."

"Na wewe mwenyewe."

"Hilo nalo naelewa, Wakili."

Mkurugenzi aliingia chumbani mwake, akafunga mlango bila kuubamiza, na huko ndani tukasikia kiti kikikaliwa.

Maamuzi yalitoka kabla ya saa saba. Kila alichoandika Ripoti tangu Alhamisi jioni kitupwe. Kilichobaki ni arobaini na moja, na hicho kitoke hivyo hivyo. Wakawapigia zahanati na kuwaambia ukweli, kwamba diski zitajaa mapema. Zahanati kumi na mbili, zile zenye kompyuta za karibuni, zikasema hewala. Ishirini na nane zikashukuru na kutafuta kwingine. Kumi na mbili si arobaini, lakini pia si sifuri, na mkurugenzi alisema, kupitia mlangoni, kwamba kwa kumi na mbili hataiweka kando mwaka huu. Mwaka huu, alirudia. Muhuri alizimwa siku hiyo hiyo na Fundi mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

Shemeji alikuja kusimama mbele ya meza yangu. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuzika, anayewaza kwamba viti vya watu bado havijarudishwa.

"Ungeandika hapana tu, shemeji."

"Ningeandika."

Kisha akamgeukia wakili, aliyekuwa anafunga mkoba. "Wakili, swali. Ripoti sasa naye ameshaharibika kama mimi, siyo? Kipande hiki hawezi kukiandika tena."

"Hawezi. Mtatafuta mtu wa tatu, wa nje, na mtaanza upya."

"Kwa hiyo mimi na yeye tunaweza kuongea?"

Wakili akafikiri. Alikuwa mtu wa haki mpaka mwisho. "Ambianeni mnachotaka," akasema. "Haidhuru tena."

Fundi alikwenda kwenye meza yake, akavuta kiti chake, kile chenye gurudumu bovu, akakikokota kikipiga kelele kwenye sakafu yote mpaka mlangoni. Ripoti hakuinua macho.

"Ile arobaini na nne kwenda arobaini na moja," Fundi akasema. "Ulifanyaje? Nimekaa wiki nzima najiuliza. Wale wa maktaba hawakufanya hivyo."

"Kwa nini nikwambie? Mimi si mpaka rangi?"

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa?"

"Bado ni mjinga. Haya, sema."

Akamwambia. Alianza kwa shingo upande, neno moja moja, kisha akachukua kalamu, kisha Fundi akachukua kalamu nyingine, kisha wakawa wanakatishana, "hapana, ngoja," "ngoja wewe," "sasa hapo ungefunga na nini?" "si nakwambia!" Walichora juu ya karatasi zangu za tarehe na saa, zile zote nilizozipanga kwa mpangilio. Waliongea mchana wote juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angeruhusiwa kukitengeneza.

Simu yangu iliita mara tatu, mdogo wangu. Sikupokea, kwa mara ya kwanza tangu nimfundishe kupiga simu. Nilivua viatu chini ya meza. Hakuna aliyenihitaji nibebe kitu, na waliyokuwa wanasema sikuyaelewa hata nusu, lakini nilikaa pale nikiwasikiliza mpaka mlinzi alipokuja kutuambia anafunga.